Fimbo Imo Shimoni

Mimi ni Urbain, mwana wa Abner, mwana wa Kitwa. Kitwa alikuwa mtu wa Sanga, na neno lake lilitosha kuazimwa mtumbwi bila shahidi. Abner, baba yangu, alikuwa kapita, msimamizi wa kikosi cha reli hapa Kamina, na kofia yake haikupata kuonekana imekaa upande. Nayataja haya ili wajukuu zangu wajue kwamba habari hii inatoka katika kinywa kilicholelewa vizuri.

Mwaka wa 1952 Serikali ilitangaza, kwa tarumbeta, kwamba Kamina itapata reli ya chini ya ardhi. Ingetoka stesheni hadi klabu ya wakubwa, mwendo ambao mama mwenye beseni la mihogo kichwani huumaliza kabla hajaanza kuchoka. Watu wa cité, mtaa wetu sisi Waafrika, waliuliza ni mlima gani utakaopitiwa chini yake. Walielezwa kwamba nchi tambarare ndiyo ifaayo zaidi, maana mlima ungeongeza udongo wa juu bila faida.

Iliundwa Tume ya Usalama wa Chini. Mwenyekiti alikuwa Bwana Amédée, mkuu wa wilaya. Karani nilikuwa mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu. Zabuni ilishindaniwa kwa haki. Mshindani alikuwa mmoja, Bwana Constant, shemeji wa mwenyekiti. Aliwahi kuchimba ghala la divai chini ya klabu, na hakuna chupa iliyowahi kulalamika.

Mkataba ulidai miti ya kuegemeza dari. Miti ililetwa, mizuri, iliyonyooka. Tume ikatafakari, ikaona kwamba siku ya ufunguzi wageni wa juu watakuwa wengi kuliko wachimbaji wa chini. Kwa hiyo usalama wa walio wengi ulidai miti hiyo ijenge jukwaa. Shimo lilipewa fimbo badala yake.

Fimbo hii sisi watu wa reli tunaijua. Palipo na njia moja, dereva haingii bila kukabidhiwa fimbo ya njia, na fimbo ni moja tu. Hivyo treni mbili hazikutani uso kwa uso. Tume iliamua kwamba kitu kinachoyazuia magari ya moshi hakiwezi kushindwa na udongo. Kanuni ikatoka: asiyeshika fimbo haingii shimoni, kwa sababu yoyote ile, na kanuni hiyo haibadilishwi ila na Tume nzima, iliyoketi pamoja na karani wake. Niliiandika mwenyewe kwa wino mweusi, na hadi leo sijaiona dosari yake.

Aliyeleta matata ni Mulumba, mchimbaji, mume wa binti yangu Clotilde. Alikabidhiwa fimbo, akaitazama dari, akairudisha fimbo.

“Bwana, minyi sikatale kazi,” alimwambia Bwana Amédée. “Niko nakatala kufwa. Mulete miti.”

Akaambiwa kwamba asipoingia ifikapo siku ya ufunguzi, atalala gerezani, na kiboko juu yake. Siku hiyo Clotilde alinitengea bukari, ugali wetu, lakini hakuiachilia sahani.

“Baba, weye njo karani wa Usalama,” alisema. “Usalama ya nani?”

Nilimweleza kwamba swali hilo halimo katika madaraka ya karani. Akaondoka na sahani.

Siku ya ufunguzi Mulumba alisimamishwa penye mlango wa shimo, kati ya polisi wawili. Alikataa tena, mbele ya wageni. Bwana Amédée, ili kumwaibisha, akaichukua fimbo na kutangaza kwamba Tume yenyewe itaingia, watu wapate kujua mwoga ni nani. Wajumbe wakamfuata wakiwa wameshikana makoti, kwa kuwa aliyemshika mwenye fimbo huhesabiwa kuwa ameishika. Bwana Constant alisitasita, akavutwa. Mimi nilibaki nje, wino usije ukamwagika.

Bendi ikapiga. Huenda ilipiga kwa nguvu mno. Udongo wa mlangoni uliporomoka taratibu, kama mtu anayekaa baada ya kusimama siku nzima, ukaacha ufa wa kupitisha hewa na sauti tu.

“Mulumba,” ufa ulisema kwa sauti ya Bwana Amédée, “chimba. Upesi.”

Mulumba akavua kofia.

“Bwana, fimbo iko kwenu.”

Kisha sauti ikasema kwamba kanuni imefutwa. Wote wakanigeukia. Nilieleza kwa heshima kwamba Tume haiketi bila karani, na karani haingii bila fimbo. Sauti ilitumia maneno ambayo sikuyaandika.

Ndipo Clotilde alipokibeba kiti changu, akakiweka ubavuni mwa ufa.

“Baba, ikala hapa. Tia sikio ndani. Hilo sikio halihitaji fimbo.”

Nilipekua kanuni, sikuona neno juu ya masikio. Kikao kikafunguliwa. Mulumba, ambaye hakualikwa, alitoa hoja moja: miti kwanza, na gereza hapana. Sijapata kuona Tume ikikubaliana upesi namna ile. Bwana Constant alipiga kura mara mbili.

Jukwaa lilibomolewa. Wageni waliombwa wasimame, na mke wa mwenyekiti akautoa kwa mikono yake ubao aliokuwa ameukalia. Mulumba na wenzake walichimba na kuegemeza, wakachimba na kuegemeza, bila haraka, kama mkataba ulivyodai. Kila udongo ulipochuruzika, ufa uliuliza kama miti inatosha, na kila mara ufa wenyewe uliomba iongezwe.

Walitoka wakitambaa. Bwana Amédée alikuwa wa kwanza, fimbo mkononi. Mulumba akaipokea, kama inavyopokewa kwa dereva atokaye kwenye njia moja, akasema, “Njia iko wazi, Bwana.”

Reli haikujengwa. Shimo lilikabidhiwa kwa Bwana Constant, aweke divai. Mulumba hakufungwa wala hakuguswa na kiboko, naye ndiye baba wa baadhi yenu mnaonisikiliza.

Basi, vijana, kaeni wima na myashike haya. Mkubwa akiwaambia kwamba shimo ni salama, msibishane naye; kubishana ni utovu wa adabu. Mkabidhini fimbo kwa mikono miwili, mkampishe atangulie.