Nafasi Moja kwa Sista Gertrude

Likasi, Jumatatu, 5 Machi 1962

Habari kubwa! Padri Théodore alitangaza jana baada ya misa: shule ya watoto viziwi, huko Rhodesia ya Kaskazini, inatafuta mtu wa kujitolea mwaka mzima. Chakula na kitanda bure, mshahara hakuna. Sista Gertrude, mkuu wa shule, anafika Jumamosi kuchagua. Nafasi ni moja tu. Yangu.

Nimeshaipima kazi hii. Watoto hawasikii, kwa hiyo hawatajua kama naimba vibaya. Bweni halina kelele, nitalala vizuri. Na nikirudi kutoka ng'ambo, nani tena atathubutu kuniita karani wa mbao? Miaka sita nahesabu mbao boharini. Imetosha.

Nikamwambia Octave, karani mwenzangu, ili kumwumiza roho tu. Kosa! Akajibu kwamba yeye alijiandikisha kwa Padri jana ileile. Mnafiki mkubwa.

Nikaenda kupoza hasira kwa mikate ya mafuta ya Émilienne, yule mama anayekaanga mbele ya bohari. Nikamsalimu binti yake Anne, wa miaka sita. Hakujibu. Hajawahi kunijibu hata siku moja! Na mama hamkemei. Mchana kutwa wanachezeana vidole na kucheka. Malezi ya siku hizi!

Jumanne, 6 Machi

Nimekwenda kuuliza hati ya kusafiria. Karani akanieleza kwa fahari kwamba Katanga, tangu tujitenge na Kongo, tuna bendera, tuna stempu, tuna pesa zetu. Kinachosubiriwa ni nchi nyingine ya kututambua. Padri anasema mpakani barua ya misheni itatosha. Nimepiga picha hata hivyo, katika suti ya mjomba. Mikono yake mirefu imeficha vidole, lakini uso umetoka wa mkurugenzi.

Jioni nilikwenda mtaa wa Panda, kwa rafiki yangu Constantin. Anaongoza winchi kwenye karakana, na kwa kelele za pale husikii hata jina lako. Constantin anainua kiganja, dereva kule juu anaelewa. Hakuna aliyefungua kinywa! Nikasimama palepale. Kumbe lugha ya viziwi iko hapa Panda, na Octave hana habari! Mkono ni mkono. Nikamwomba anifundishe. Sababu sikumwambia, akadhani natafuta kazi. Nimeshashika inua, teremsha, kushoto, kulia. Kwa watoto inatosha: inukeni, kaeni, kushoto bwenini, kulia chakulani. Kesho ananifundisha kusimamisha.

Jumatano ya Majivu, 7 Machi

Somo nimeliacha. Leo ilikuwa karamu ya kuniaga. Najua, sijachaguliwa bado, lakini kuaga mapema ni adabu. Mama mdogo Suzanne, ninayekaa kwake, alichinja kuku wawili. Wageni kumi. Bukari, ugali wetu, ya moto. Ndipo Octave (nani alimwalika?) akauliza kwa sauti ya upole, katekista akiwa palepale, kama siku ya leo, ya kufunga, nyama inaruhusiwa.

Watu kumi wenye majivu kwenye paji la uso wakiwatazama kuku! Tukala bukari na sombe, majani ya muhogo. Kuku wakaliwa na mbwa wa jirani, ambaye hana dini. Mama mdogo alinivuta pembeni: "Isidore, weye kama hauendi sasa, minye nitaficha uso wapi?"

Nitakwenda. Lazima niende.

Alhamisi, 8 Machi

Octave kaja kazini na pamba masikioni. Akatutangazia, kwa sauti ya kupasua kuta, kwamba anataka kuishi kama kiziwi mpaka Jumamosi, ili Sista auone moyo wake. Bosi alimwita mara tano. Hakusikia. Kazi zake zote nikapewa mimi!

Nikamjaribu. Nikasimama nyuma yake, nikamwita mbuzi. Hakugeuka. Nikaongeza ukoo wake. Hakugeuka. Pamba ni ya kweli! Basi nikamwaga yote niliyoyaweka moyoni tangu 1956, kisha nikaendelea na ya bosi. Nilipogeuka, bosi alikuwa mlangoni.

Jumamosi, 10 Machi

Uwanja wa kanisa ulijaa; hata Émilienne alileta mikate yake, Anne ubavuni. Winchi ilikuwa imeazimwa kupandisha tangi jipya la maji kwenye mnara wake, na Constantin alikuwa kaenda nyuma ya kanisa kuvuta sigara. Tangi lilining'inia kwenye kamba chini chini, dereva anasubiri mkono. Sista Gertrude alikuja na Claire, mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi. Sista akamwita Octave mara tatu. Octave alikuwa karibu na mnara akikariri hotuba, pamba masikioni. Basi nikaitwa mimi. Ushindi!

Nikapanda ngazi ya kanisa, winchi mgongoni kwangu, nikamkabili Claire. Nikanyoosha mikono juu ya kichwa, ionekane vizuri. Inukeni! Claire akatoa macho. Nikasema moyoni: huyu hajawahi kuona fundi. Kushoto! Watu wakaanza kupiga kelele. Wananishangilia, nikadhani. Nikamalizia na kaeni, polepole, kwa upendo.

Ndipo nikamsikia Padri akiita Octave kwa sauti ya kilio. Nikageuka. Tangi lilikuwa juu ya kofia ya Octave, linashuka polepole, kama nilivyoagiza. Uwanja mzima unapiga kelele, Octave anakariri. Nikatafuta ishara ya kusimamisha. Sina! Nilikuwa kwenye karamu!

Aliyekimbia ni Anne. Kelele hakuzisikia, tangi aliliona. Alimvuta Octave kwa koti mpaka wote wawili wakalala kwenye tope, na tangi likatua pale pale alipokuwa amesimama. Constantin alifika mbio, sigara mdomoni: "Isidore, ile kazi unatafutaka, iko ya kuua batu?"

Anne hakulia. Alimkimbilia mama yake akamsimulia yote kwa vidole: tangi, kofia, tope, na mimi juu ya ngazi, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Claire akacheka mpaka akashika tumbo, kisha naye akamjibu kwa vidole, na Émilienne akaongeza lake. Walizungumza watatu, haraka, bila sauti. Sista Gertrude aliwatazama muda mrefu. Mimi pia. Miaka miwili nimemwita mtoto yule hana adabu! Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 11 Machi

Ametangazwa Émilienne. Anakwenda kusaidia bwenini, na Anne anaingia darasani. Mama wa watu alilia kanisani bila kujificha.

Baadaye alikuja kwetu na mikate. "Monsieur Isidore," akasema, "minye nilizani banatafuta muntu wa masomo. Hapa mutoto wangu hakuna shule moja inamukubali. Nilikuwa naogopa kuuliza."

Na mimi niliitaka ile nafasi ili nilale vizuri! Niliona aibu. Kisha nikafurahi, furaha ya kweli. Anne akanifundisha kusalimu kwa mikono. Nilikosea mara tatu. Mara ya nne akanijibu.

Mama mdogo hasemi nami, na Octave anasimulia mji mzima kwamba nilitaka kumwua. Sijali. Nimeapa mbele ya msalaba: kuanzia leo sitajifanya kujua nisichokijua.

Jumatatu, 12 Machi

Padri Théodore anasema kuna shule ya watoto wasioona huko Ruanda, nao wanatafuta mtu. Nafasi moja! Wasioona husoma kwa kupapasa vidoti kwenye karatasi. Hiyo sasa ni lugha rahisi. Tangu asubuhi nimetoboa kurasa mbili nzima kwa sindano ya Mama mdogo: barua ya maombi. Sijui inasema nini, lakini nimeipapasa mara mbili, macho nimefumba, na ni barua nzuri sana. Nimeshaipeleka posta.