Mtihani wa Sebuleni

Jumatatu, tarehe 4
Binti yangu anafanya mtihani wa chuo kikuu Alhamisi, sebuleni kwangu! Saa nne kamili, kwa kompyuta, msimamizi akimtazama kwa kamera kutoka huko chuoni. Na mimi niliishia darasa la saba! Nimekimbia kumwambia jirani yangu, fundi cherehani. Akauliza, pini mdomoni, ni chuo gani hicho kisicho na geti. Mwanawe anasoma chenye geti, na mlinzi juu. Geti! Kwani geti ndilo linalofundisha?

Jumanne, tarehe 5
Dawa yake nimeipata. Aje aone. Nimemwalika yeye, wifi yangu anayesema kusoma nyumbani ni kusoma kwa waliokosa nafasi, na wengine tisa. Benchi nimeazima. Binti hajui. Atafurahi huyo!

Jumatano, tarehe 6
Binti ameniomba kitu kimoja tu: chumba kiwe kimya, asiingie mtu. Mwaka mzima amesoma akitoka zamu kiwandani, macho mekundu. Mtihani ukiharibika, mwaka wote umekwenda. Nimemwambia asinifundishe kulea. Wageni nimewaagiza wavue viatu mlangoni.

Alhamisi, tarehe 7
Sina hamu. Waliingia kimya kabisa, wakajipanga nyuma yake. Hata chafya! Wifi akainama asome swali la kwanza. Mara msimamizi akajitokeza kwenye kioo, kijana mdogo kuliko binti yangu, akauliza hao ni akina nani. Nikasogea nikamsalimia vizuri, nikamweleza ni ukoo, tumemsindikiza mwenzetu. Akaufunga mtihani! Mbele ya wifi!
Binti hakulia. Alifunika kompyuta, akasema taratibu, "Mama, maswali yote nilikuwa nayajua."
Fundi, akivaa viatu, akaniambia, "Sasa umejua kazi ya geti."

Ijumaa, tarehe 8
Nimepiga simu chuoni mara tisa. Wanajitangaza elimu ni ya wote, halafu wanafukuza watu kumi na mmoja waliovua viatu! Mama aliyepokea akanisikiliza mpaka mwisho, akasema binti atarudia mtihani Jumatano ijayo, saa ileile, kwa kuwa ameandika barua ya kuniombea radhi. Radhi! Mimi nimemkosea nani?
Haya. Sebuleni haingii mtu, nimeapa mbele ya binti. Lakini kamera inatazama ukutani, dirisha liko nyuma ya kompyuta. Benchi litakaa nje, pazia nitalifunga fundo. Wifi anakuja na miwani. Fundi naye lazima. Wote kumi na mmoja, Jumatano ijayo, saa tatu na nusu, wawahi nafasi za mbele.