Mkebe Wangu na Mkebe wa Mang Ponso

Jumatano, 11 Mei.
Jumapili ni sikukuu ya Mtakatifu Isidro. Jumamosi jioni Aling Remedios, mama wa kamati ya sikukuu, ataonja aiskrimu zetu, achague nani aegeshe mkokoteni mlangoni mwa kanisa. Miaka kumi na moja mahali pale ni pa Mang Ponso, mzee muuza aiskrimu mwenzangu. Miaka kumi na moja mimi nauza nyuma, karibu na choo! Mwaka huu, hapana. Nimenunua maziwa ya nyati wa kufugwa na jibini la kutia ndani. Ponso huzungusha mkebe wake kwa mkono kwenye barafu na chumvi, saa mbili nzima, jasho linamchuruzika. Ushamba! Wangu nimeutia kwenye friza ya dada Nening. Nikalala.

Alhamisi, 12.
Aiskrimu imejaa chenga za barafu. Nening kauliza kama nimesaga kioo. Nikamwambia friza yake ndiyo mbovu. Kanifukuza na mwiko. Mara umeme ukakatika, aiskrimu ikawa uji. Uliporudi nikaigandisha upya. Akili ni mali!

Ijumaa, 13.
Chenga zimekuwa kokoto. Jirani kaonja, kaitema, kauliza nani atamlipia jino. Kosa ni la maziwa, hakuna jingine. Ponso kapata maziwa bora, ndiyo siri yake! Bahati nzuri mikebe yetu inafanana. Alfajiri yeye huenda kununua mikate ya kutilia aiskrimu. Nitabadilisha.

Jumamosi, 14.
Nimebadilisha! Nikaonja ya Ponso: laini, nusura nilie. Nikaificha chini ya kitanda. Joto gani hili! Saa nne asubuhi ilikuwa supu. Mbio hadi friza.

Jioni, kokoto zilezile. Aling Remedios alitafuna, akatafuna, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hii inalambwa au inatafunwa?" Kamati nzima ikaangua kicheko. Aibu yangu!

Ya Ponso ikateleza kooni. Eti asubuhi alikuta mkebe wake una kokoto, akaziyeyusha zote, akauzungushia mkebe barafu na chumvi, akazungusha upya saa mbili. Yaani maziwa yangu! Jibini langu! Akapewa mlango wa kanisa. Halafu akanishika bega: "Turo, mdogo wangu, ukiiacha ilale, inaota mawe. Izungushe, isipate nafasi." Aliniangalia sana alipokuwa akisema hivyo. Sikupenda.

Jumapili, 15.
Nimeuza karibu na choo. Wateja watatu. Mmoja hana meno, kanyonya tu, kashukuru.

Lakini nimepata muda wa kufikiri. Maziwa yangu yametoka laini. Maziwa ya Ponso yametoka kokoto. Basi kosa si la maziwa. Ni la mkebe! Mkebe wangu ulikuwa mzuri siku zote, na sasa anao Ponso, mwizi mkubwa yule! Kesho alfajiri akienda kununua mikate nauchukua. Naujaza, nautia kwenye friza, nalala.