Koti Lililofungwa Upande wa Kike

Jumapili, 9 Machi

Nimeaibika kwa kusema kweli. Kwa uongo nimeaibika mara nyingi, nimeshazoea. Kwa kweli ni mara ya kwanza, na inauma zaidi.

Baada ya chakula cha mchana kwa dada tuliangalia ile sinema ya mpelelezi anayemtafuta muuaji wa mkewe. Ina miaka tisa na watu hawajaacha kuibishania, kwa sababu muuaji hatajwi. Inaisha mpelelezi amesimama mbele ya kioo, anafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Basi. Majina yanaanza kupanda. Mpwa wangu, binti wa dada, anamaliza chuo mwaka huu, na insha yake ya mwisho inahusu sinema hiyo. Akaisimamisha picha palepale, akatuambia tutazame vifungo. Koti la kiume, vifungo hukaa kulia kwa mvaaji, matundu kushoto. La kike ni kinyume. Shemeji, mwalimu wa hesabu, mtu asiyeikubali hata mvua mpaka ipimwe, akasema kioo hugeuza kila kitu. Mpwa akasema amelikagua koti barabarani, ofisini na ndani ya gari, sehemu kumi na moja zisizo na kioo. Ni la kike! Maana yake mpelelezi amevaa koti la marehemu mkewe tangu mwanzo. Maana yake muuaji ni yeye.

Dada akashika kifua. Mimi nikakoroga chai mpaka sukari ikayeyuka. Kisha nikasema koti lile nimelishona mimi.

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Shemeji akasema kama mimi nilishona koti, basi yeye alicheza bastola. Dada akanikumbusha hadithi zangu za chui niliyempima kiuno, na treni iliyonisubiri nimalize pindo la suruali ya dereva. Sawa, chui nilimtia chumvi kidogo. Lakini hili la koti ni kweli tupu! Cherehani yangu, mikono yangu. Nimerudi nyumbani nimevimba.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepindua chumba cha kazi chini juu. Chini ya meza ya kukatia, ndani ya bati la vipande, nimekipata: kipande cha kitambaa kilekile, kijivu chenye mistari myembamba ya rangi ya udongo. Jioni mbio kwa dada. Mpwa akaisimamisha picha, nikakiweka kipande juu ya kioo cha televisheni. Mstari kwa mstari. Shemeji akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Laiti ningekufa dakika ile, ningekufa mtu mwenye heshima.

Sikufa. Mpwa akakaa karibu yangu na daftari lake. Insha ya kwanza ilikataliwa kwa kukosa ushahidi, akasema. Hii ni ya pili na hakuna ya tatu. Ikikataliwa, hamalizi chuo. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji:

"Mjomba, ulikusudia?"

Nikajibu kuwa nilikusudia.

Akaandika. Nikaongeza kuwa mtengenezaji wa sinema alinivuta pembeni akaniomba fikra. Akaandika na hilo. Kalamu yake ilikuwa inakimbia, nami nikawa naikimbilia.

Jumatano, 12 Machi

Daftari hili halina mdomo, basi niandike.

Sikukusudia. Wiki ile nilikuwa nimeshona sare arobaini za wauguzi wa kike, na mkono ukazoea. Nilipofika kwenye koti nikatoboa matundu upande wa kulia bila hata kufikiri. Kifungo unaweza kukihamisha, tundu likishatobolewa ndiyo basi. Asubuhi ya kupiga picha, yule mama wa mavazi, msimamizi wa nguo zote za sinema, alilifunua koti, akanitazama, akaniambia nifungashe vitu vyangu niende. Sikuona hata taa moja ikiwashwa. Miaka tisa nimewaambia watu alinionea wivu. Nimemwita mchawi wa nyuzi, tena mbele za watu.

Kwa nini nayaandika leo? Kwa sababu mpwa amekuja anang'aa. Mwalimu wake wa chuo ameisoma insha, kaipenda, anataka mpwa aitetee Jumatatu mbele ya darasa zima. Mimi nimealikwa nikashuhudie. Na mwalimu amemwalika mgeni mwingine pia, mtu aliyesifiwa sana kwa kazi yake katika sinema ile.

Mama wa mavazi.

Nimemwambia dada mgongo umekaza, sidhani kama Jumatatu nitaweza kusimama. Dada kajibu kuwa shemeji ameomba ruhusa kazini ili aje, na ikibidi atanibeba.

Alhamisi, 13 Machi

Mpango: nimwendee mama wa mavazi kabla ya Jumatatu, nijishushe, nimshonee gauni, anyamaze.

Nilimkuta ukumbi wa maigizo, chumba cha nyuma, katikati ya makoti yaliyoning'inia kama watu waliosahauliwa. Harufu ya dawa ya nondo. Alinijua kwa sauti kabla hajageuka. Nilianza hotuba yangu ya gauni, akanikatisha, akasema yeye hahitaji gauni, hasa kutoka kwangu.

Kisha akanisimulia, huku anapiga brashi kofia. Asubuhi ile, nilipokwisha kuondoka, mtengenezaji aliviona vifungo na kuuliza upumbavu gani huu. Yeye akajibu, kwa kuokoa kibarua chake na koti langu, kwamba lile ni koti la marehemu mke. Jibu hilo lilimjia mdomoni tu. Mtengenezaji akakuna ndevu. Akaichana karatasi ya mwisho, akaandika upya ule mwisho wa kioo. Kabla ya hapo muuaji alikuwa muuza maziwa! Na tangu siku hiyo mama huyu anasifiwa kwa fikra ya koti, naye hupokea sifa akitazama chini.

Nikamuuliza basi mbona alinifukuza.

"Ili usiulizwe, fundi. Ungejieleza. Koti ulilitia vifungo, mdomo wako hukuutia hata kimoja."

Miaka tisa mchawi wa nyuzi. Nilitamani niingie ndani ya moja ya yale makoti nijifunge.

Tukakubaliana. Jumatatu nisimame, niseme: "Nililishona mimi, mengine mwulizeni yeye." Kisha nikae. Maneno matano, nimeyahesabu. Naye atasema lile alilolisema miaka yote, na binti atafaulu. Nilimshika mkono nikaapa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeshona kutwa, mlango nimefunga. Sijasema uongo wowote leo. Nilikuwa peke yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Sijui nianzie wapi.

Darasa la chuo ni kubwa, viti vinapanda kama ngazi. Mpwa mbele, amesuka upya, sauti imesimama. Alieleza vizuri hata mimi nikaielewa sinema. Mwalimu wake, bwana mfupi mwenye miwani minene, akaniita.

Nilisema maneno matano. Haki yangu niiandike: niliyasema yote, kwa mpangilio. Kosa ni kwamba sikukaa.

Walikuwa wananitazama. Watu mia, wote kimya, wote na kalamu. Mimi shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, hatujawahi kuelewana juu ya hilo. Hakuna siku mtu mwenye kalamu amenisubiri nimalize sentensi. Basi nikaendelea. Nikasema matundu niliyatoboa kwa makusudi, nikimlilia yule marehemu. Nikasema mistari ya kitambaa ni mvua. Nikasema ni mimi niliyemwambia mtengenezaji amwachilie muuza maziwa, hana hatia. Mama wa mavazi akafumba macho. Mwalimu akauliza muuza maziwa gani. Nikamweleza! Robo saa nzima nilikuwa najipalia makaa na kujipepea mwenyewe.

Binti mmoja wa safu ya pili akanyoosha mkono. Kwa adabu zote.

"Samahani mjomba, hilo koti ulilovaa, nalo ni la marehemu?"

Nikatazama kifua changu. Koti jipya, nililolishona Jumamosi kwa ajili ya siku hii. Vifungo kushoto. Kutwa nzima ya Ijumaa nilikuwa kwenye sare za wauguzi, na mkono ni uleule.

Darasa liliangua kicheko hadi viti vikalia. Mimi sijaoa. Nyumbani hakuna hata mtu wa kuniambia hebu geuka nikutazame. Shemeji hakucheka. Afadhali angecheka. Alikuwa anatazama sakafu kama anahesabu vigae.

Mwalimu akavua miwani. Akamwambia mpwa kuwa ukurasa wa nne wa insha unasema fundi alikusudia. Fundi, inavyoonekana, hufanya hivi kila mara. Sasa ushahidi uko wapi?

Mpwa alinitazama. Sikuweza kumtazama.

Hapo mama wa mavazi akasimama bila kuitwa. Akasema yote: sare za wauguzi, kosa langu, jibu lake la haraka, karatasi iliyochanwa. Akasema na kwamba sifa alizopewa miaka tisa hazikuwa zake zote. Alisema kwa utulivu, mikono imeshika mkoba, kisha akakaa. Mtu kajivua nguo mbele ya watu ili mpwa wangu asiaibike, na mimi niliyevaa koti nimesimama pale kama mwiko.

Mwalimu akarudi kwa mpwa. Akauliza kilichobaki kwenye insha ni nini, kama yote ni ajali. Mpwa aliifunga insha yake, akajibu.

"Mjomba alikosea. Lakini mtu aliliona kosa, akalipa maana, na mwingine akageuza hadithi nzima ilifuate. Koti la marehemu liko kwenye sinema. Insha yangu ni ya koti, mwalimu, si ya mjomba."

Mwalimu hakusema kafaulu wala kafeli. Akasema atafikiri.

Njiani kurudi tulikuwa wanne. Nilivua koti nikalikunja kwapani. Tulipofika kwenye kona ya kwangu, mpwa akasema jambo moja tu, bila hasira, na hilo ndilo linaloniua.

"Nilikuuliza mara moja tu, mjomba."

Jumanne, 18 Machi

Sikufungua duka.

Alhamisi, 20 Machi

Amefaulu! Dada alinipigia simu, kwanza analia, kisha ananigombeza, kisha analia tena. Insha imekubaliwa, kwa sharti moja. Mwalimu amepiga mstari mwekundu juu ya sentensi moja ukurasa wa nne, lazima itolewe. Sentensi yangu. Katika kurasa thelathini, uchafu pekee ulikuwa mimi.

Nimekwenda kumwomba radhi mpwa. Nilikuwa na hotuba, nikaiacha mlangoni. Nilisema nisamehe, mama, na nikaishia hapo. Akanitengenezea chai. Shemeji akaniuliza kuhusu bei ya kitambaa cha suruali, jambo ambalo halimhusu kabisa, na nikajua ananionea huruma. Kuonewa huruma na mwalimu wa hesabu!

Kisha nimepita ukumbi wa maigizo. Mama wa mavazi alinipokea kwa kunyooshea kidole kofia nne zilizofumuka ukingo. Nimezishona zote, kimya. Mwishoni akasema kumbe naweza.

Nimeapa, mkono juu ya cherehani: sitazungumzia sinema tena maisha yangu yote.

Jumapili, 23 Machi

Amekuja binti hapa kwangu, anasoma chuo kimoja na mpwa. Jumatatu ile alikuwa mgonjwa, hakuwapo darasani. Amesikia juu juu tu kwamba kuna mjomba wa mtu aliyewahi kushonea sinema. Yeye anaandika juu ya sinema nyingine, ya mwizi anayejificha nyuma ya pazia lenye matundu matatu. Darasani wamegombana. Wengine wanasema matundu ni risasi, wengine wanasema ni watoto watatu wa mwizi. Ameniuliza kwa heshima kama huenda najua lolote kuhusu pazia hilo.

Sinema hiyo sijaiona. Mapazia sishoni.

Nilifumba mdomo. Kwa kweli niliufumba. Nilihesabu mpaka saba, nikamfikiria mpwa, nikamfikiria yule mama na mkoba wake, nikaona aibu inanipanda kutoka miguuni. Binti akadhani nimekasirika, akaanza kuomba radhi na kurudisha kalamu mkobani.

Nikamvutia kiti. Nikamwambia kalamu asiifiche, maana tundu la kwanza peke yake lina historia ndefu.