Ruta Ndani ya Kabati la Vioo

Jumatatu, 3 Juni

Siku tano tu! Jumamosi binti yangu anatunukiwa shahada huko ng'ambo, na chuo chao kitaonyesha kila kitu moja kwa moja mtandaoni. Daktari! Wa mifugo, sawa, lakini sioni haja ya kuwachosha majirani na neno hilo la pili. Nimealika watu ishirini na wawili. Wataona kwenye televisheni yangu, sebuleni kwangu.

Baba Daktari, mume wangu, leo kafanya vizuri sana. Tangu kiharusi kimwangushe mwaka jana, ulimi umekuwa mzito kama si wake. Binti akamtafutia mwalimu wa matamshi, bure kabisa, anayemfundisha kwa video Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa nne asubuhi. Anayemshikia kishikwambi ni Shemeji, kaka yake, karani mstaafu tunayekaa naye. Wiki ya sita hii wako kwenye neno moja: hongera. Anataka kumwambia mwanawe Jumamosi kwa mdomo wake mwenyewe. Leo kafika "honge". Nimelia jikoni peke yangu. Kisha nikaenda kumnyoa ndevu. Mwanamume mzuri yule, hata sasa.

Jumanne, 4 Juni

Balaa! Nimejaribisha televisheni kwa sherehe ya chuo ya mwaka jana. Inakwama kila baada ya sekunde mbili. Mkuu wa chuo kabaki mdomo wazi kama anatafuta chafya. Shemeji ana kitu simuni cha kupimia kasi ya intaneti, tukakipitisha kwa wote kama mtihani. Simu yangu, thelathini na moja. Kishikwambi, ishirini na mbili. Televisheni, tena kubwa kuliko wenzake, tano! Nimeona aibu kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Na nani kachungulia dirishani saa ile ile? Mama Antena wa nyumba ya pili. Jina nimempa mimi, maana masikio yake yananasa kila nyumba. Akasema, kwa ule upole wake wa sumu, kwamba kwake picha haikwami hata mvua ikinyesha, basi Jumamosi tuhamie kwake. Tuhamie! Heri nilale njaa mwezi mzima.

Nimetumia akili. Ruta, kile kisanduku kinachorusha intaneti, ilikuwa imetundikwa koridoni, mlangoni pa chumba cha mgonjwa. Inamfanyia nani kazi pale? Nimeing'oa. Nimeiingiza kwenye kabati la vioo sebuleni, bega kwa bega na televisheni, kati ya sinia la shaba na picha ya Daktari akiwa chekechea. Waya wake nimeupitisha chini ya zulia. Juu nikaifunika kitambaa cha kufuma. Tukapima tena. Televisheni arobaini na mbili! Wa kwanza darasani! Nimefunga kabati kwa ufunguo, maana Shemeji ana mikono ya kugusagusa.

Jumatano, 5 Juni

Kipindi kimeharibika. Kishikwambi kimepata mbili. Mbili! Mwalimu alikuja vipande vipande, sauti kwanza, midomo baadaye, na Baba Daktari hujifunza kwa kutazama midomo. Karudi mpaka "ho". Mwalimu akaeleza kwa adabu kwamba watu wanaongoja ni wengi. Vipindi viwili vikikatika ndani ya wiki moja, nafasi hupewa mwingine.

Shemeji akaja juu. Akaniambia, shemeji yangu, ile ni ruta, si kikombe cha mashindano. Nikamjibu kosa ni la kishikwambi, kimezeeka kama yeye. Hakucheka. Akasema basi mgonjwa aletwe sebuleni siku za kipindi. Na sakafu nimeipiga nta! Yale magurudumu ya kiti chake! Hapana.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeita fundi wa intaneti anithibitishie kwamba kishikwambi kibovu. Alipoliona kabati alivua kofia, kama mtu aliyefika msibani. Akasema ruta inataka kukaa juu, mahali wazi, katikati ya nyumba. Lile sinia linazuia mawimbi, na yanayopona yanamalizwa na kuta mbili. Tena, akasema, ruta ina njia mbili: moja ya kasi lakini ukuta unaishinda, nyingine ya polepole lakini inafika mbali. Kishikwambi chetu kinaijua ya polepole tu, na hata hiyo sinia limeikaba. Dawa yake? Ruta irudi koridoni, televisheni ivutiwe waya.

Waya! Ukatize sebule yangu mbele ya wageni ishirini na wawili, kama kamba ya kuanikia nguo! Nikamshukuru, nikampa chai, nikamsindikiza mpaka getini.

Lakini mimi si mkatili. Nimemwahidi Shemeji kwamba kesho kabla ya saa nne nitaitoa ruta na kuirudisha koridoni, saa nzima. Nimemwahidi na mgonjwa. Kanishika mkono, hakuuachia upesi.

Ijumaa, 7 Juni

Saa mbili nilikuwa kwa msusi, niwahi kurudi. Foleni! Kisha nikawekwa chini ya kikaushio, sisikii simu wala dunia. Nimetoka saa sita. Shemeji alikuwa amepiga mara kumi na saba. Ufunguo wa kabati ulikuwa kwenye pochi yangu, umefungwa kwenye leso, salama kabisa.

Anasema Baba Daktari alikitazama kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha kishikwambi mpaka muda ukaisha. Alikuwa amevalishwa shati lenye kola. Shemeji alichukua nyundo avunje kabati, mgonjwa akamkataza kwa mkono. Anajua ninavyolipenda.

Nywele zimetoka vizuri.

Jumamosi, 8 Juni

Ushindi! Picha safi, hata vifungo vya mkuu wa chuo vinahesabika. Watu ishirini na sita, wanne hawakualikwa. Mama Antena alikaa kiti cha nyuma. Daktari wangu akapita na joho, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Neno mifugo lilitajwa mara moja, nikakohoa juu yake.

Kisha binti akapiga simu. Uso wake ukajaa televisheni nzima. Akasema anamtaka baba. Tukamsukuma mpaka sebuleni, koti jeusi, tai, na nta nikaisamehe. Akafungua mdomo. Ho, akasema. Jasho likamtoka. Ho. Ho. Watu wakaanza kutazamana. Mama Antena akarefusha shingo. Ilinibidi nifanye kitu. Nikatangaza kwa sauti: anacheka! Basi wote wakacheka pamoja naye, kwa nia njema kabisa, wengine wakapiga makofi.

Akafunga mdomo. Hajaufungua tena, hata kwa uji.

Binti hakucheka. Picha ilikuwa safi mno. Nilimwona vizuri.

Jumatano, 19 Juni

Mwalimu wa matamshi ameandika. Nafasi imekwenda kwa mwingine. Tungoje miezi minane. Nimesoma mara mbili, nikaenda kumbadilishia Baba Daktari shuka. Zilikuwa safi.

Binti hakunigombeza; angenigombeza ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba ameagiza ruta ya pili, ya chumba cha baba, ajifunze kwa video zilizorekodiwa wakati tunangoja. Fundi kaileta leo. Nyeupe! Ina antena nne! Ya Mama Antena ina mbili! Shemeji alikuwa ameshapigilia msumari chumbani pa kuitundikia.

Lakini kule chumbani nani ataiona? Nimeiweka kabatini, kando ya mwenzake. Kitambaa kimoja kimezitosha zote mbili. Ufunguo ninao mimi. Mama Antena nimemwalika kesho aje kuzitazama.

Sasa hivi nawasikia ng'ambo ya ukuta, wameanza tena: Shemeji anatamka, mwenzake anajibu. Ho. Ho. Kesho nitafunga mlango wa koridoni. Na mgeni akisikia, atajua tu mume wangu ni mtu wa kucheka.