Vijiti Vinne, Mbuzi Watatu

Jumatatu, 6 Desemba 1999. Makindu.
Muli amenunua simu ya mkono. Muli! Mtu wa kuuza dawa za kupe! Leo amesimama juu ya debe mlangoni mwa duka lake akipiga kelele halo, halo, na nusu ya soko imemzunguka. Nilisogea kuchungulia kioo. Kijiti kimoja tu cha network, nacho kinawaka na kuzimika. Nikacheka kwa sauti ili Ndinda anisikie. Hakugeuka. Alikuwa anaitazama simu. Naona wivu, sifichi.

Jumanne, 7 Desemba.
Mzee Nzioka, babake Ndinda, amechoka na sisi wachumba wawili, mimi na Muli. Ametangaza kwamba mbuzi wa ntheo, wale watatu wa kuposea, atawapokea siku mwanawe Mutunga atakapofika kutoka Mombasa. Atakayewahi ndiye mkwe. Mutunga atapiga simu kusema siku. Atampigia nani? Muli! Yaani Muli ataijua siku kabla yangu!
Ndinda alipita kwenye kibanda changu cha redio akaninong'oneza kwamba angependa niwe mimi, nisichelewe tu. Kwa furaha nimeunganisha redio ya mwalimu kinyume. Mbuzi ninao, watatu, wamenona. Ninachokosa ni simu.

Jumatano, 8 Desemba.
Gabow, mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa na simu kuukuu kwenye droo. Nikaiwasha. Vijiti vinne! Vimejaa! Gabow akasema laini yake ilifungwa zamani. Eti vijiti vinaonyesha tu kwamba simu inausikia mnara, si kwamba mnara unaitambua simu. Nilimwambia asinifundishe kazi. Mimi ni fundi wa redio, mawimbi nayajua. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Anataka kubaki nayo, mjanja huyo!
Nimempa mbuzi wangu wote watatu. Namba imeandikwa kwa kalamu mgongoni mwa simu. Nimemtumia Mutunga barua kwa dereva wa basi: asimpigie Muli, anipigie mimi.

Alhamisi, 9 Desemba.
Ndinda alikuja. Nikamwonyesha vijiti. Akauliza mbuzi wako wapi. Nikamwambia tuzungumze mambo makubwa kwanza. Akauliza tena. Nikamweleza. Akaniambia kwa Kikamba, polepole, kwamba baba yake hali vijiti. Hana subira na mambo ya kisasa, Ndinda. Atazoea.

Ijumaa, 10 Desemba.
Nimeshinda juu ya paa la kibanda. Saa mbili, vijiti vinne. Saa sita, vinne. Saa kumi, vinne. Haikulia hata mara moja.
Saa kumi na moja simu ya Muli ikalia. Mutunga! Amesema amejaribu namba yangu mara tisa, haipatikani, ndipo akampigia Muli. Anafika kesho asubuhi. Yote hayo kwa kijiti kimoja! Muli alikuwa juu ya debe lake, akiitikia kwa Kikamba, soko lote likisikiliza. Niliomba debe lipinduke. Halikupinduka.

Jumamosi, 11 Desemba.
Muli amepeleka ntheo saa nne. Mbuzi kawanunua kwa Gabow jana jioni. Nilikuwa kando ya barabara nikijifanya sioni. Yule mbuzi wangu mwenye madoa akanitambua, akalia, akaja mbio miguuni kwangu. Muli akaniomba kwa heshima nimsaidie kumrudisha. Ningekataaje mbele za watu? Nimemvuta mwenyewe hadi langoni kwa Mzee Nzioka. Mzee akanishukuru kwa moyo wa ujirani. Vigelegele vikapigwa. Ndinda alinitazama mara moja tu, macho mekundu, akaingia ndani.
Nimelia nyuma ya choo cha soko. Simu mfukoni, vijiti vinne.

Jumatatu, 13 Desemba.
Siku mbili sikula, nilikuwa nafikiri. Sasa nimeelewa! Muli ana kijiti kimoja, amepata mke. Mimi nina vinne, nimepata aibu. Basi kadiri vijiti vinavyopungua ndivyo simu inavyokuwa na nguvu. Fundi mzima, sijui kwa nini sikuliona hili mapema.
Kuna mtu katika mji wa Kabati ana simu isiyoonyesha kijiti hata kimoja, popote uendapo, mchana kutwa. Amekubali kuchukua baiskeli yangu na vyombo vyote vya ufundi. Nimemwandikia Ndinda asikubali siku yoyote ya harusi kabla sijampigia.