Musimalize Ubaguzi Kwanza, Mutoto Yangu Hajaanza Kutembea

Bulengera, Butembo

Mheshimiwa Delegué wa Serikali,

Kwa heshima nyingi na kwa mukono mumoja (ule mwingine umeshika mutoto), mimi Nadège Kanyere, mama ya Abigaïl, ninakuandikia. Ni wewe ulikuja kwa salle ya quartier yetu, ule ukumbi wa mikutano, kutuambia kama serikali inataka kumaliza ubaguzi: mutu asifukuzwe kwa nyumba, kwa kazi ao kwa hospitali juu ya ule anapenda, akiwa mwanaume kwa mwanaume ao mwanamuke kwa mwanamuke. Ulisema vizuri, hata makofi nilipiga. Mais kufika nyumbani niliona hatari, donc ninaleta malalamiko.

Pengine unanikumbuka. Ulipouliza nani anajua ubaguzi ulileta nini ndani ya nyumba yake, ni mimi nilisimama nikasema, "Kwetu ulileta mazuri tupu, aksanti." Mama Hulda, chef wetu wa nyumba kumi, akanivuta kitenge: "Ikala wee, unatupatisha haya mbele ya bageni!" Lakini nilisema kweli.

Mudogo yangu Élisée ni fundi wa moto, zile pikipiki. Alikuwa anaishi Beni, chumba kimoja na Lukman, mwenye kuendesha camion ya kakao toka Oicha. Banapendana, hiyo ninajua tangu zamani. Siku moja bailleur, mwenye nyumba, akabatosha inje, godoro ndani ya mvua, anasema nyumba yake haiko ya batu ya vile. Lukman akarudi kwa mama yake. Élisée akakuja kwangu na sac moja na funguo zake za kazi, zile spana. Mimi nilikuwa nimetoka kuzaa, bwana yangu Mbusa iko Eringeti kwa mashamba, ninalia pamoja na mutoto, hatujui nani ananyamazisha mwenzake.

Malalamiko ni haya:

1. Abigaïl hanyamazi kwangu. Ananyamaza kwa mugongo wa mujomba wake, ndani ya kitenge kinanuka mafuta ya moto. Mukimaliza ubaguzi, Élisée atarudi Beni. Serikali ilipanga nani wa kumubeba? Kwa mafundisho yenu hamukugusa hiyo.

2. Mama mukwe yangu anasifu vile langi, zile nepi za mutoto, zinang'aa. "Kumbe Nadège ni muke kweli!" Ni Élisée anafua. Mukimurudisha, mutaharibu ndoa, na serikali haijatumwa kuharibu ndoa za batu.

3. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara na kuzibua mifereji, anaenda kwa nafasi yangu. Mimi ninalala. Nimenona mpaka blouse ya kanisa inakataa kufunga.

4. Nilijaribu kupika mboga ya sombe mwenyewe, nijizoeze. Jirani balikuja na maji.

5. Kuko na bamama ba shirika yetu ya kanisa balisema Élisée asikanyage kwa sala. Sasa moto za mabwana zao zikikufa, banakuja na sauti ya sukari: "Fundi, mwana wetu!" Moto ikipona, banasahau tena ni mwana wa nani. Hata bo banafaidika na ubaguzi, juu Élisée hakatalie mutu kazi. Anaogopa kufukuzwa mara ya pili.

6. Kwa sababu hizo zote ninaomba mubakishe ubaguzi kadogo tu, ka yule bailleur mumoja wa Beni. Bengine bote mubafundishe. Mungojee Abigaïl atembee. Halafu aanze masomo. Na Mungu akitupatia mutoto wa pili, nitaandika tena kuomba muongeze siku.

Ninajua ombi hili ni la mama muvivu. Ni kweli, na uvivu huu nilijifunza mbio kuliko kitu chochote walinifundisha kwa masomo.

Usalimie madame, batoto, na yule dereva wenu mwenye alilala wakati wote wa mafundisho, nilimuonea wivu. Abigaïl naye anasalimia. Ametapika kidogo kwa pembe ya karatasi, uhesabie hiyo kama muhuri, cachet yetu.

Ni mimi raia wako, mwenye kuchoka bila kufanya kazi,

Nadège Kanyere

P.S. Nilimupa Élisée barua asahihishe, juu alisoma kunipita. Alicheka mpaka mutoto akaamuka. Halafu akarudilia kusoma pale kwa bailleur. Akauliza polepole: "Yaya, yule delegué alisema kweli banaweza turudishia chumba? Mimi na Lukman?" Nikasema ndiyo, delegué alisema. Sijui kama ulisema vile, Mheshimiwa, salle ilikuwa na makelele. Lakini ungeona uso wake. Donc usingojee mutoto atembee. Uanze na yule bailleur, hata kesho asubui. Kubeba, nitajifunza. Nimeisha kumuahidi mudogo yangu kwa jina yako, usimufanye aone dada yake ni muongo.